Somo: Jinsi ya kuandika hadithi inayojijua kuwa ni hadithi

Wakuu, wengi mkisikia metafiksheni mnadhani ni mambo ya maprofesa, kumbe ni hadithi tu isiyoficha kwamba imetungwa. Neno lenyewe lilishika baada ya mwandishi Mmarekani William Gass kulitumia mwaka 1970, ila mchezo ni wa zamani mno, kwenye sehemu ya pili ya Don Quixote, riwaya ya Cervantes, mwaka 1615, kuna wahusika wameshasoma sehemu ya kwanza, na Don Quixote mwenyewe wanamjua hata kabla hajajitambulisha.

Hatua ya 1. Andika kwanza hadithi ya kawaida kabisa. Mfano wangu: Mama Salome kasikia hodi usiku, anahisi ni Salome, aliyeondoka miaka 9 iliyopita. Usiruke hapa, msomaji aamini kwanza ndo umshtue.

Hatua ya 2. Tafuta ulipokwama. Mimi nilikaa siku tatu sijui nani anagonga, mwisho nikaiandika hivyohivyo: "Anayegonga simjui. Mama Salome ananisubiri mimi, na mimi namsubiri yeye afungue." Umeona? Mwandishi kaingia ndani ya hadithi, na hajaingia kwa mbwembwe, kaingia kwa sababu ana shida. Hapa ndo wengi wanaharibu, kila ukurasa mtu anachungulia kusema jamani hii ni stori tu, sasa msomaji si atakuambia sawa nimesikia, halafu anafunga kitabu analala.

Hatua ya 3. Mpe mhusika ubishi. Mama Salome akijua kwamba mlango ukifunguliwa hadithi imeisha na yeye kaisha nayo, atafungua? Akifungua anampata mwanae na anapotea yeye.

Hatua ya 4. Mwisho. Mwandishi Mwingereza John Fowles kwenye riwaya yake ya mwaka 1969, The French Lieutenant's Woman, anamwingiza msimulizi kwenye behewa la treni na mhusika wake, anarusha sarafu kuamua kati ya miisho miwili upi utangulie. Ukiiga hiyo hakikisha yote miwili inauma, mmoja ukiwa dhaifu sarafu inakuwa usanii tu.

MASWALI

Swali: Kwani hii si ile ya "msomaji wangu mpendwa"?
Jibu: Inategemea. Ukiifuta na hakuna kilichobadilika, hiyo ilikuwa salamu.

Swali: Mkuu nimeanza Rayuela, ile riwaya ya Cortázar wa Argentina ya 1963 yenye sura 155, nimepotea kabisa, unaruka mbele unarudi nyuma, nifanyeje?
Jibu: Pole. Kuna njia mbili kaziweka mwenyewe. Soma mfululizo kuanzia ya 1, ukifika sura ya 56 unaruhusiwa kuacha. Ile ya kurukaruka inaanzia sura ya 73, hiyo weka kiporo.

Swali: Sasa Mama Salome alifungua au?
Jibu: Rasimu ya kwanza alifungua, nikaifuta. Hii ya sasa kauliza "nani?" na bado sijamjibu.