Kamera mpya Bagamoyo: ipange kabla hujashuka ufukweni

Menyu za kamera za siku hizi ni ndefu mno, na hakuna haja ya kuzimaliza zote ukiwa safarini. Panga haya machache usiku, ukiwa chumbani.

1. Chaji betri, weka saa sahihi, fomati kadi ndani ya kamera yenyewe. Chagua RAW (faili ghafi, rahisi kurekebisha baadaye) pamoja na JPEG (picha ya kawaida).

2. Zungusha gurudumu la juu hadi A (kwenye Canon ni Av): wewe unachagua f, yaani upana wa tundu la lenzi, kamera inapanga kasi. Weka f/8 kwa majengo na ufukwe, f/4 kwa sura za watu. ISO (usikivu wa kamera kwa mwanga) iwe ya kujipanga yenyewe, kikomo 6400, na kasi ya shata isishuke chini ya 1/250 ya sekunde. Watoto wakiruka majini, 1/1000. M, ambayo unapanga kila kitu mwenyewe, iache kwanza. Ufukweni wingu moja likipita, hesabu yote imevurugika. Ile modi ya kijani (Auto) pia iache, maana kwenye kamera nyingi inakufungia kitufe cha hatua ya 4.

3. Fokasi: kwa watu washa utambuzi wa jicho, kwa vingine tumia nukta moja.

4. Fidia ya mwanga, yaani kuiambia kamera iongeze au ipunguze mwanga wa picha. Hapa ndipo watu hupoteza siku nzima wakidhani kamera ni mbovu.

Kamera haijui inatazama nini. Inapima mwanga na kuivuta picha yote kuelekea kijivu cha wastani. Tanga jeupe la jahazi likijaa kwenye picha, inaona mwanga umezidi, inaupunguza, na tanga linatoka kijivu. Mama muuza samaki akisimama na bahari inang'aa nyuma yake, uso wake unakuwa giza. Mlango wa nakshi wa mbao nyeusi, ukijaza picha, unatoka umepauka.

Tafuta alama ya +/−. Tanga na mchanga mweupe, anza na +1. Uso wenye bahari nyuma, +1.3 hadi +1.7. Mlango mweusi, −0.7.

Sasa angalia mambo haya. Kamera nyingi hazifuti fidia hata ukizizima, kwa hiyo irudishe sifuri kila ukihama, la sivyo mpangilio wa jana utaharibu picha za leo. Ukiwa kwenye M na ISO umeifunga, fidia haibadilishi picha hata uzungushe vipi. Skrini nayo usiiamini: jua la saa sita huifanya ionekane giza, nawe unaongeza mwanga usiohitajika. Washa histogramu (grafu ya mwanga, giza kushoto na weupe kulia), mlima ukibanana ukutani upande wa kulia, weupe umeungua, na ukiungua kabisa haurudi. Kivuli kwenye RAW kinainuliwa baadaye, kwa hiyo ukiwa na shaka, punguza.

Na kama picha moja inatoka giza, inayofuata imeungua, ilhali hujahama, angalia namna ya kupima mwanga. Huenda imewekwa kwenye nukta (spot), inapima kipande kidogo tu. Irudishe kwenye picha nzima.

5. Bagamoyo inatazama mashariki. Asubuhi jua linatoka baharini, vyombo vinakuwa vivuli vyeusi. Jioni linakuwa mgongoni kwako, na rangi za ngalawa zinakolea. Magofu ya Kaole nenda kabla ya saa 3 asubuhi au baada ya saa 10 jioni, mwanga wa ubavuni uonyeshe mikwaruzo ya mawe ya matumbawe. Sokoni kwa wavuvi, salimu na uombe ruhusa kwanza. Wako kazini.

6. Ukitoka chumba chenye kiyoyozi, lenzi inapata ukungu. Usiifute, usiitoe kwenye kamera. Funga kamera kwenye mfuko wa plastiki kabla ya kutoka, uiache humo nusu saa nje. Usibadilishe lenzi mchangani hata mara moja. Jioni puliza mchanga kwanza kwa pampu ya mkono, maana chembe moja chini ya kitambaa inakwaruza kioo. Kisha futa mwili wa kamera kwa kitambaa kilicholoweshwa maji baridi yasiyo na chumvi na kukamuliwa vizuri, umalizie na kikavu.