Laktati ya damu kwa mtoto anayeshukiwa kasoro ya PDP1: namna ya kuitoa isiharibike

Jeni ya PDP1, iliyo kwenye kromosomu ya 8, huelekeza utengenezaji wa kimeng'enya kinachoifungulia kazi PDH, kimeng'enya kinachoigeuza piruvati (zao la kuvunjwa kwa sukari) ili itumike kutoa nishati, ndani ya mitokondria, yaani vinu vya nishati vya seli. Vimeng'enya vya PDK huizima PDH kwa kuibandika fosfati, PDP1 huibandua. PDP1 ikiwa mbovu, PDH inabaki imezimwa, piruvati inarundikana na kugeuka laktati (asidi ya maziwa). Basi uchunguzi wa kichanga mlegevu anayehema haraka huanzia kwenye laktati.

Kabla ya kumgusa mtoto, andaa tyubu ya kifuniko cha kijivu, yenye floridi na oksalati, na bakuli la barafu iliyochanganywa na maji. Barafu tupu inaweza kuigandisha damu na kupasua chembe. Hakikisha pia santrifuji, mashine ya kuzungusha damu ili kutenga plazma (majimaji ya damu yasiyo na chembe), ina umeme, au jenereta iko tayari.

Mama ampakate mtoto mpaka atulie, hata nusu saa ipite: kilio na kupigana hupandisha laktati. Usifunge garo (mkanda wa kubana mkono) ukiweza kuuona mshipa. Ukilazimika, ilegeze mara sindano inapoingia, damu itiririke kidogo ndipo ujaze. Usitoe kwenye mkono wenye dripu ya Ringer laktati! Jaza hadi alama, pindua polepole mara 8 hadi 10, tia kwenye barafu.

Tenga plazma ndani ya dakika 15. Chembe nyekundu hazina mitokondria. Zinaishi kwa kuvunja sukari, na zinaendelea kutoa laktati ndani ya tyubu ya kawaida. Floridi huzuia hilo, lakini usiitegemee peke yake. Kutoka Kadutu hadi labo ya Ibanda, hapa Bukavu, kwa pikipiki, saa za soko, dakika hizo zimekwisha. Zungusha damu kwenye santrifuji palepale ulipoitoa, utume plazma ikiwa kwenye barafu.

Soma kipimo cha mashine: mmol/L 1 ni kama mg/dL 9. Ikizidi 2.2 mmol/L mtoto akiwa ametulia, rudia. Hapa Bukavu tafuta kwanza malaria kali, maambukizi ya damu na upungufu wa oksijeni. Vyote huipandisha, na vinaua upesi.

PDH haifanyi kazi bila thiamini (vitamini B1), na upungufu wake hufanana sana na kasoro ya jeni. Damu ikishatoka, daktari aanzishe thiamini bila kungoja jibu.