Jinsi ya Kuchagua Jina la Meli: Mwongozo kwa Kampuni za Usafiri wa Majini

Kampuni inayosubiri kupokea chombo kipya inapaswa kuwa imekwisha kuamua jina mapema, kwa sababu jina hilo litaandikwa katika cheti cha usajili, hati ya bima, leseni ya redio na kila hati ya shehena, na kulibadilisha baadaye ni kazi ya gharama. Wengi huanza kwa kuuliza ni jina gani linapendeza. Mimi nashauri waanze kwa kuuliza ni jina gani linasikika.

Meli hutambulikana kwanza redioni. Katika mwito wa dharura nahodha hutamka neno Mayday mara tatu, kisha jina la meli mara tatu, ndipo anaeleza alipo na kilichompata. Jina refu, au lenye sauti zinazomezana, hupoteza muda na huweza kuandikwa vibaya na anayesikiliza. Kwa hiyo, kabla kikao hakijapitisha jina lolote, mpeni mtu mmoja redio ya VHF asimame karibu na injini inayonguruma, alitamke jina hilo kwa sauti ya kawaida, na mwingine aliye mbali, ambaye hajaambiwa jina lenyewe, aliandike alivyolisikia. Kama meli itakwenda nchi za nje, msikilizaji huyo awe mtu asiyejua Kiswahili. Majina yanayoanza kwa Mb, Ng au Mt hayatusumbui sisi, lakini rubani wa bandari ya mbali, yaani anayeongoza meli kuingia bandarini, huyavunja vipande vipande. Kwa kivuko kinachovuka mlango wa bahari na kurudi siku hiyohiyo, jambo hili halina uzito.

Kipimo cha pili ni urefu wa maandishi. Mfumo wa utambuzi wa meli wa AIS, ambao meli nyingine na minara ya bandari huutumia kuona nani yuko wapi, una nafasi 20 tu za jina, pamoja na zile zilizo wazi kati ya maneno. Meli iliyoshushwa Ziwa Victoria mwaka 2023 ilipewa jina la MV Mwanza Hapa Kazi Tu. Ukiondoa MV, jina hilo linachukua nafasi 19, na likiongezwa hata neno fupi halitaingia. Meli ya Kifaransa CMA CGM Antoine de Saint Exupéry haiingii kabisa bila kukatwa.

Baada ya hapo ndipo mtafute utaratibu, yaani kanuni moja itakayozaa majina ya meli zote zijazo. Kampuni kubwa zinajulikana kwa hilo kuliko kwa rangi zao. White Star ilimalizia majina kwa -ic, ikawa na Olympic, Titanic na Britannic, wakati mshindani wake Cunard alimalizia kwa -ia, kama Lusitania na Mauretania, hivi kwamba abiria aliyesoma jina gazetini alijua meli ni ya nani bila kuambiwa. Leo Hapag-Lloyd ya Ujerumani huweka neno Express mwishoni, na Evergreen ya Taiwan huweka Ever mwanzoni. Wallenius ya Sweden ilichukua majina ya opera. Maersk huweka jina la kampuni baada ya jina la mtu, kama Emma Maersk ya mwaka 2006, iliyopewa jina la marehemu mke wa aliyekuwa mkuu wa kampuni, Arnold Mærsk Mc-Kinney Møller. Utaratibu wa Evergreen una funzo lake: Ever Given ilipokwama katika Mfereji wa Suez mwezi Machi 2021, watu wengi duniani waliita meli hiyo Evergreen, kwa kuwa ndilo neno lililoandikwa ubavuni kwa herufi kubwa mno. Basi jina la kampuni na jina la meli yasifanane kiasi hicho.

Pwani yetu ilionja utaratibu wa aina hii zamani. Meli za kampuni ya British India zilizosafiri kati ya Bombay na Afrika Mashariki ziliitwa Kampala na Karanja, na zile za njia ya London zikaitwa Kenya na Uganda. Karibu zote ziliishia kwa a. Katika maziwa, baada ya uhuru, MV Umoja na MV Uhuru zilibeba mabehewa ya reli, na baadaye Uganda ikawa na Kabalega, Pamba na Kaawa: mfalme na mazao mawili. Mimi huyapenda majina haya kwa sababu kila abiria wa gatini aliweza kuyatamka na kuyakumbuka.

Kampuni ndogo ya leo ina hazina kubwa ya kuchagua. Pepo ni nzuri mno kwa masikio, yaani Kusi, Kaskazi, Matlai na Umande, ila zinakwisha haraka, na kampuni ikinunua chombo cha tano itajikuta haina jina. Majina ya samaki hayamaliziki: Nguru, Jodari, Chewa, Kolekole. Visiwa ni vingi pia, lakini yachungwe yanayofanana, maana Ukara na Ukerewe zikiwa za kampuni moja, katika ziwa moja, mpanga zamu siku moja ataipangia meli moja safari ya nyingine. Namba za Kirumi baada ya jina moja zinawafaa abiria wanaojali kampuni zaidi ya chombo. Hata hivyo, ubavuni II na III ni vigumu kutofautisha kwa mbali, kwa hiyo karatasini na redioni namba itajwe kwa neno kamili.

Majina ya watu yanahitaji uangalifu zaidi, hasa ya watu wenye vyeo. Meli inayojulikana leo kuwa MV Liemba iliundwa Papenburg, Ujerumani, mwaka 1913 kwa jina Graf von Götzen, la aliyekuwa gavana wa Afrika Mashariki ya Wajerumani. Wajerumani wenyewe waliizamisha Ziwa Tanganyika mwaka 1916, ikaibuliwa, na mwaka 1927 ikarudi kazini ikiitwa Liemba, jina la kale la ziwa hilo. Chombo kilidumu kuliko utawala uliokipa jina. Mkitaka kumheshimu mtu, chagueni marehemu wa familia ya mwenye kampuni, kisha muiombe familia nzima ridhaa, si mtu mmoja.

Peleka majina matatu, si moja, kwa msajili: TASAC (Shirika la Uwakala wa Meli Tanzania) kwa Tanzania Bara, Mamlaka ya Usafiri Baharini Zanzibar, au Mamlaka ya Bahari ya Kenya. Jina la kwanza likiwa na mwenyewe, mtahamia la pili bila kuitisha kikao upya. Sheria ya Uingereza hukataa pia jina linaloweza kuchanganywa na mwito wa dharura, na ni busara kulifuata hilo hata pale ambapo hakuna anayelazimisha.

Mkinunua meli iliyotumika, fikirini kwanza kuliacha jina lake. Mabaharia wengi hawapendi jina libadilishwe, na hisia zao zinastahili kusikilizwa kwa kuwa ndio watakaolala humo. Mkibadilisha, namba ya IMO yenye tarakimu saba haibadiliki. Hiyo hufuata meli mpaka inapovunjwa. Lakini herufi za jina la zamani huwa zimechorwa kwa kuchomelea juu ya bati la omo (mbele ya meli) na tezi (nyuma yake), na rangi mpya ikipigwa juu yake bila kuzisaga kwanza, jua la jioni likiangaza kwa upande husomeka majina mawili kwa pamoja. Zisagwe mpaka bati liwe laini, jina jipya lichomelewe pande zote mbili za omo, na tezini liandikwe pamoja na bandari ya usajili; kisha mkague maboya, makoti ya kujiokolea na mashua za uokoaji, kimoja kimoja, kwa kuwa huko ndiko jina la zamani husahaulika.