Namna ya Kumrudishia Mtu Neno Lake Barazani

Mtu anayesifiwa mjini Lamu kwa majibu ya papo kwa papo mara nyingi hudhaniwa kuwa ana akiba ya vichekesho kichwani, na anayetaka kumwiga huanza kwa kukariri maneno ya wengine. Njia hiyo haifiki mbali, kwa sababu neno lililokaririwa hungoja mahali pake pa kuingia, ilhali mazungumzo hayamngoji mtu. Jibu linalochoma hutengenezwa kwa maneno yale yale aliyoyatoa mchokozi, na kwa hivyo kazi ya kwanza ya mwanafunzi ni kusikiliza mpaka mwisho wa sentensi.

Katika vichochoro vya Mji wa Kale, njia ni nyembamba kiasi kwamba punda mwenye mzigo akipita, waliokaa barazani hulazimika kukunja miguu. Kijana anayeswaga punda wa mchanga anapaza sauti: "Tupisheni, jamaa!" Mmoja wa rika lake aliyeketi barazani anavuta miguu polepole na kusema: "Piteni nyote wawili, ila aliye mbele ndiye aijuaye njia." Watu wanacheka. Mwenye punda, bila ya kusimama, anaitikia: "Kweli kabisa, ndiyo maana amepunguza mwendo hapa. Ameona jamaa zake."

Majibizano hayo mafupi yanafaa kuchunguzwa kwa makini. Aliyeketi hakubuni kitu. Alisikia tu kwamba yule kijana alisema "tupisheni" wala si "nipisheni", akamhesabu punda pamoja na mwenyewe. Mwenye punda naye hakukana wala hakukasirika. Alikubali kwamba punda ndiye mjuzi, akausogeza ujuzi huo hatua moja zaidi, kisha akalirudisha neno "jamaa" alilolitumia mwanzo, likawa sasa na maana nyingine. Anayekana hujitetea, na anayejitetea huwa ameshindwa hata kama ana haki. Anayekubali na kuongeza humnyang'anya mwenzake silaha, kwa kuwa tusi lililopokelewa kwa mikono miwili halina tena pa kuuma.

Hata washairi wa pwani walifuata njia hii. Mwanzoni mwa karne ya 19, katika uhasama wa miji yao uliofikia Vita vya Shela, vilivyopiganwa kisiwani Lamu, Muyaka bin Haji wa Mombasa na Zahidi Mngumi wa Lamu walilumbana kwa mashairi. Katika malumbano ya namna hiyo mjibuji hatarajiwi kuimba lake tu; hutakiwa alifungue kwanza fundo alilofungiwa, ndipo afunge la kwake. Barazani hakuna vina wala mizani, lakini sharti hilo linabaki: jibu lisilogusa kilichosemwa, hata likiwa tamu namna gani, ni hotuba.

Njia nyingine ni kuchukua kasoro iliyotajwa na kuipa sababu isiyotarajiwa. Mnunuzi anamwambia mvuvi, "Mbona samaki wako ana macho mekundu?" naye anajibu, "Hajalala, bwana, amekesha akikungoja wewe." Hapo mnunuzi mwerevu hatarudi kwenye hoja ya macho, maana imekwisha kutekwa, ataingia katika hadithi ile ile na kusema, "Basi nipunguzie bei, nikamlaze." Huenda asipunguziwe hata shilingi, lakini ameshapata nafasi njema ya kuendelea kuzungumza bei.

Methali nazo zinafaa, mradi zikatwe katikati. Ukisema "Nyani haoni..." ukanyamaza, wasikilizaji watamalizia wenyewe vichwani mwao, na aliyekusudiwa hatapata neno la kukushika nalo. Ukiimaliza methali yote umekuwa mwalimu wa madrasa, na darasa halichekeshi.

Wengi hukosea katika wepesi. Jibu la haraka si lazima lifuate nyuma ya neno bila ya pumzi kupita. Kikombe cha kahawa ni kidogo, lakini funda moja lake hutosha kumpa mtu muda wa kupima neno, na kimya hicho huwafanya watu watege masikio. Likija, jibu liwe fupi la kusemwa kwa pumzi moja, kwa sauti ya kawaida, na msemaji asiwe wa kwanza kucheka. Asilifafanue pia. Kama halikueleweka limekufa, na lizikwe hapo hapo.

Adabu huamua makali yake. Binamu kwa binamu, shemeji kwa shemeji, mjukuu kwa babu, hao wana ruhusa pana ya utani. Lau yule mwenye punda angechokozwa na mzee, asingethubutu kumfanya mzee awe jamaa wa punda, angeugeuza mzaha umwelekee yeye mwenyewe: "Naam, ami, nami namfuata nijifunze." Hilo ni jibu gumu kulitunga kuliko la kwanza, na kwa maoni yangu ndilo linaloonyesha fundi. Mambo ya uzazi, ulemavu, umaskini na mzazi wa mtu hayaguswi, hata na binamu.

Mwenzako akikupiga neno lililokwenda sawa na huna la kurudisha, cheka na useme, "Hapo umenipata." Kisha ukiwa peke yako jiulize ni neno lipi katika sentensi yake ulilipita bila ya kulisikia, kwani mara nyingi utagundua kwamba ulikuwa umeshaanza kutunga jibu kabla hajamaliza kusema. Jibu litakalokujia usiku ukiwa kitandani usilipeleke barazani kesho yake. Watu watakuwa na mazungumzo mengine.