Viza ya Italia: Hesabu Siku Kabla ya Kukata Tiketi

Ndugu zangu wa Malindi wenye wakwe au watoto Italia, naomba sana msome stika ya viza kwa makini kabla ya kukata tiketi. Tarehe mbili zilizoandikwa juu yake zinaonyesha kipindi ambacho viza inaweza kutumika, ilhali idadi ya siku unazoruhusiwa kukaa imeandikwa kwenye nafasi yake peke yake. Ikiwa pameandikwa 30, basi ni siku 30, hata kama tarehe ya mwisho iko mbele zaidi. Hapa ndipo wengi wanapoteleza.

Kanuni kuu ya eneo la Schengen, yaani nchi 29 za Ulaya, Italia ikiwemo, zinazotumia viza moja ya muda mfupi, ni kutozidisha siku 90 ndani ya siku 180 zozote, na siku ya kuingia na ya kutoka zote huhesabiwa. Kuvuka kwenda Ufaransa hakuanzishi hesabu upya. Kwa kila siku unayokusudia kuwa huko, rudi nyuma siku 180 na ujumlishe ulizokaa: atakayekaa mfululizo kuanzia 1 Januari hadi 31 Machi 2027 hawezi kuingia tena kabla ya 30 Juni, hata akiwa na viza ya kuingia mara nyingi. Tangu Oktoba 2025 mipaka hiyo imeanza kurekodi tarehe hizi kielektroniki, kwa hiyo msitegemee mihuri iliyofifia.

Anayehitaji zaidi ya siku 90 aombe viza ya kitaifa ya aina D akiwa bado Kenya, na akishafika Italia aombe kibali cha ukaazi ndani ya siku 8 za kazi.