Kuwapeleka watoto Tarangire kuona tembo: mwezi, gari, maji na subira

Hifadhi ya Taifa ya Tarangire, mkoani Manyara, ina kilomita za mraba 2,850, lakini familia inayokwenda kuona tembo haihitaji hata robo yake. Inahitaji mto. Kuanzia Juni na Julai, madimbwi ya nyanda za Simanjiro yakishakauka, tembo hurudi hifadhini kwa sababu Mto Tarangire ndio wenye maji ya uhakika, na kadiri kiangazi kinavyokaza ndivyo wanavyosongamana kandokando yake. Ukishalielewa hili, nusu ya mipango imekwisha: nenda kiangazi, kaa karibu na maji, acha kuzungukazunguka.

Miezi ya kulenga ni Agosti, Septemba na Oktoba. Kwa familia za Kenya, likizo ya Agosti inaangukia mahali pake kabisa. Kwa Tanzania, likizo ndefu ya Juni bado ni mapema kidogo: tembo wapo, ila makundi makubwa hayajakusanyika. Ile likizo fupi ya Septemba ni bora zaidi hata kama ni siku chache. Vuli ikianza Novemba, makundi huanza kutawanyika. Machi hadi Mei hifadhi ni kijani na inapendeza machoni, lakini nyasi zimerefuka hadi kumficha ndama, na udongo mweusi wa upande wa mabwawa hunasa gari. Atakayekwambia kwamba tembo wapo mwaka mzima hasemi uongo. Tatizo ni kwamba mtoto wa miaka saba hataki kuona mgongo mmoja wa kijivu nyuma ya kichaka baada ya saa tatu za vumbi.

Malipo na karatasi

Malango ya hifadhi hayapokei fedha taslimu. Malipo hufanywa kwa namba ya kumbukumbu, kwa simu, benki au kadi, na mtandao ukizingua pale getini watoto ndio wanaoungua na jua. Malizia malipo kabla ya kuondoka mjini kama inawezekana. Viwango hubadilika, hivyo angalia vya mwaka husika kwenye tovuti ya TANAPA, Shirika la Hifadhi za Taifa Tanzania, badala ya kutegemea picha inayosambaa WhatsApp.

Raia wa Afrika Mashariki hulipa kwa shilingi na ni kiasi kidogo sana ukilinganisha na mgeni wa nje, lakini lazima uraia uthibitishwe. Watu wazima wabebe kitambulisho cha taifa au pasipoti. Watoto wabebewe vyeti vya kuzaliwa, vyote vikae kwenye bahasha moja na vitambulisho vingine. Cheti hicho kina kazi mbili: kinaonyesha uraia, na kinaonyesha umri. Walio chini ya miaka mitano huingia bure, na walio kati ya miaka mitano na kumi na mitano wana kiwango chao. Mtoto wa miaka kumi na mitatu aliyerefuka kuliko baba yake ataleta ubishi usiokuwa na sababu kama karatasi imeachwa nyumbani. Gari nalo hulipiwa, na lenye namba za nje ya Tanzania hutozwa zaidi. Familia inayotoka Nairobi kupitia Namanga ipige hesabu vizuri, maana mara nyingi ni nafuu kuliacha gari Arusha na kukodi la huko.

Kibali huhesabiwa kwa saa 24. Familia itakayolala ndani ya hifadhi inaweza kuingia saa 7 mchana, ikapata jioni ya kwanza na asubuhi ya pili kwa malipo ya siku moja, mradi itoke kabla ya saa 7 ya kesho yake. Ukilala nje ya lango na kurudi asubuhi, jiandae kulipa tena.

Gari

Kutoka Arusha ni barabara ya lami ya kwenda Dodoma: unapita Makuyuni, unaendelea hadi Kwa Kuchinja, kisha unaingia kushoto kwenye barabara ya vumbi, kilomita chache hadi langoni. Jumla ni kama kilomita 120, saa mbili hivi. Basi la Babati litakushusha Kwa Kuchinja, lakini hapo utabaki na watoto na mizigo barabarani, kwa sababu hifadhini hakuna kutembea kwa miguu bila askari na hakuna usafiri wa umma.

Kiangazi, Noah inaweza kufika na hata kupita barabara kuu za kaskazini mwa hifadhi. Shida zake ni mbili. Ya kwanza ni mchanga wa kwenye vijito: gari la chini hukwama, na kushuka kusukuma huku kuna simba jirani si jambo la kufanyia mzaha. Ya pili hufikiriwa na wachache: madirisha yake yako chini, na mtoto aliyekaa kiti cha kati huona nyasi tu. Land Cruiser yenye paa la kufunguka inampa kila mtoto dirisha lake na mahali pa kusimama gari likiwa limeegeshwa. Mkigawana familia mbili, watu sita au saba, gharama ya kukodi na dereva hushuka hadi kuvumilika. Unapokodi uliza mambo manne kwa majina yake: kama mafuta yamo kwenye bei, kama ada ya gari na ya dereva hifadhini imo, kama kuna tairi mbili za akiba, na kama mikanda ya viti vya nyuma inafanya kazi. Hilo la mwisho wengi husahau hadi wawe kwenye lami, watoto wanarushwarushwa.

Ukienda na gari lako, jaza mafuta Arusha au Makuyuni, kwa kuwa ndani hakuna kituo. Beba jeki pamoja na kipande cha ubao cha kuiwekea chini, kwani kwenye mchanga jeki huzama badala ya kuinua gari. Tairi za kawaida ukizipunguza upepo hadi karibu 25 psi zitapita mchanga kwa urahisi zaidi na zitapunguza mtikisiko wa barabara ya mawimbi, ila uwe na pampu ya kuzijaza kabla ya kurudi kwenye lami.

Siku yenyewe

Hapa ndipo safari nyingi huharibika. Wazazi huwaamsha watoto saa 10 usiku, wanafika lango linapofunguliwa saa 12, wanakimbizana na simba, na ifikapo saa 5, tembo wanapoanza kumiminika mtoni, watoto wamelala na mama kichwa kinamuuma. Tembo si mnyama wa alfajiri. Joto ndilo linalomsukuma majini, na mtoni makundi huonekana zaidi kuanzia saa 4 asubuhi hadi saa 10 jioni. Ondokeni Arusha saa 12, mfike langoni saa 2, watoto wakiwa wameshiba.

Kutoka langoni shikeni njia zinazofuata mto, katikati ya mibuyu ya eneo la Lemiyon na kuelekea eneo la Matete. Kabla ya kufika mtoni simamisheni gari kwenye mbuyu wowote mnene uliochunwa maganda. Ni kazi ya tembo: hutoboa kwa pembe na kutafuna nyuzi zenye unyevu, na mibuyu mingine imechimbwa hadi ikabaki na shimo la kupenya mtu. Bwawa la Silale, kusini zaidi, lina tembo wanaoingia kwenye majani mabichi hadi tumboni, lakini ni mwendo wa saa moja na nusu au zaidi kutoka langoni. Kwa safari ya siku moja yenye mtoto chini ya miaka sita, liacheni.

Mkifika mahali penye mteremko wa kuingia mtoni na nyayo nyingi, egesheni pembeni, pua ya gari ikielekea njia ya kuondokea, zimeni injini, kaeni. Dakika arobaini hadi saa nzima. Dereva aliyezoea wageni wenye haraka atataka kuondoka baada ya dakika kumi, kwa hiyo mwambieni mapema, kabla ya kuingia lango, kwamba leo hakuna kukimbilia taarifa za redio za madereva wengine.

Mwezi Septemba sehemu kubwa ya mto juu ni mchanga mtupu, maji yanapita chini. Tazameni jike mzima anavyoyatafuta: anakwangua mchanga kwa ukucha wa mguu wa mbele, anausukuma nyuma, kisha anaingiza mkonga kwenye shimo na kutoa mchanga uliolowa hadi shimo lifike urefu wa mkonga wenyewe. Maji ya kwanza ni machafu, mara nyingi huyatema. Anasubiri yajichuje, ndipo anaanza kuvuta, lita kadhaa kila mvuto, na kuyamimina kinywani. Ndama wa miezi michache hajajua kutumia mkonga. Anaupunga huku na huko, anaukanyaga, mwishowe anapiga magoti na kunywa kwa mdomo, akikuta maji ya juu. Kundi likishaondoka, ngiri na pundamilia huja kunywa kwenye mashimo yaleyale, na hapo watoto huelewa bila kuhubiriwa.

Wapeni kazi za kufanya, maana mtoto asiye na kazi huomba simu. Darubini ya 8x32 ni nyepesi vya kutosha kwa mikono midogo, na mbili kwa watoto watatu zinatosha kwa ugomvi wa kiasi. Watafute pembe ipi ni fupi kuliko nyingine, kwa kuwa tembo hupendelea upande mmoja kama watu wa mkono wa kushoto na wa kulia, na pembe inayotumika sana huchakaa. Watofautishe dume na jike kwa paji la uso: la dume limeviringika, la jike lina kona. Ndama anayepita chini ya tumbo la mama yake bila kuinama bado hajafikisha mwaka, au ndiyo kwanza anaukaribia. Na wamtafute kiongozi: jike mkubwa ambaye akisimama wote husimama.

Huyo jike si pambo. Katika ukame mkali wa mwaka 1993 watafiti waliokuwa wakifuatilia makundi ya Tarangire waliona ndama 16 kati ya 81 wakifa ndani ya miezi tisa. Makundi yaliyotoka hifadhini kutafuta maji na malisho mbali yalipoteza ndama wachache kuliko kundi lililobaki, na watafiti walilihusisha hilo na umri wa viongozi: majike wazee kwa umri wao walishaupitia ukame wa mwishoni mwa miaka ya 1950. Kundi lililobaki lilikuwa limenyang'anywa wazee wake na majangili. Mtoto wa darasa la tano anaelewa hadithi hiyo vizuri sana akiwa na bibi.

Umbali, na dalili za hasira

Usiegeshe kati ya tembo na maji, wala kati ya mama na ndama. Makosa haya mawili ndiyo chanzo cha vitisho vingi. Umbali wa mita 30 ndio wa chini unapochagua mwenyewe mahali. Wao wakisogea karibu zaidi, tulieni, mikono ndani, hakuna kupiga kelele, na msiwashe injini ghafla wakiwa ubavuni.

Tembo aliyeinua kichwa, akatandaza masikio, akatikisa kichwa na kupiga baragumu, mara nyingi anatisha tu ili mwondoke. Rudini nyuma polepole. Wa kuogopwa ni anayekuja kimya, kichwa chini, masikio yamebanwa, mkonga umekunjwa ndani. Dume mwenye majimaji yanayochuruzika kati ya jicho na sikio, na miguu ya nyuma iliyolowa mkojo wenye harufu kali, yuko kwenye kipindi chake cha ukali. Mwacheni apite, umbali uwe mara tatu ya kawaida.

Mbung'o, chakula, choo

Mbung'o wa Tarangire wanauma kupitia soksi. Wanavutwa na rangi ya bluu na nyeusi na gari linalotembea, kwa hiyo valisheni watoto kaki, kijivu au kijani iliyopauka, mikono mirefu, na mfunge madirisha mnapopita vichakani. Dawa ya kupaka husaidia kwa mbu, kwa mbung'o haisaidii sana. Mtoto akipata homa ndani ya wiki chache baada ya safari, apimwe malaria, na daktari aambiwe kwamba mlikuwa kwenye eneo la mbung'o ili afikirie na malale.

Maji: lita mbili kwa kila mtu kwa siku, na kopo moja la ziada la kunawa. Chapati, mayai ya kuchemsha, viazi vitamu na ndizi huvumilia joto. Wali wa nazi hauvumilii. Fungieni kwenye makontena, mifuko ya plastiki ya kubebea imepigwa marufuku Tanzania tangu Juni 2019. Kwenye maeneo ya kulia chakula tumbili ni wezi wazoefu. Mtu mzima mmoja asimame na vyakula, na mtoto asitembee na ndizi mkononi. Vyoo viko hapo na langoni, basi. Kwa walio chini ya miaka mitano bebeni poti lenye kifuniko, kwa sababu kushuka porini "dakika moja tu" ndiko kunakokatazwa.

Mtakaolala kambini, matunda hayaingii hemani, hata ganda la chungwa. Tembo huyanusa kutoka mbali, na turubai si kizuizi kwake. Yafungieni garini, madirisha yakiwa yamepandishwa hadi juu.

Pangeni kuwa nje ya lango kabla ya saa 12 jioni. Na msikanyage mafuta mkishafika lami: ukanda wa Kwa Kuchinja ni njia ya wanyama kati ya Tarangire na Ziwa Manyara, wanavuka barabara hiyohiyo, na tembo wa kijivu giza likiingia haonekani hadi taa zimguse. Kilomita 50 kwa saa hadi mkaribie Makuyuni.