Ukishafanyiwa upasuaji wa ACL, mto usiwekwe chini ya goti

ACL ni ligamenti, utepe mgumu unaounganisha mifupa, iliyo ndani ya goti. Yangu ya goti la kulia ilikatika kwenye netiboli. Niliruka kudaka mpira, nikatua kwa mguu mmoja huku mwili umeshageukia upande wa pili. Hakuna aliyenigusa. Nilisikia "pa!" ndani ya goti, na hadi jioni goti lilikuwa limevimba, suruali haikuvuka. Miezi minne baadaye daktari alichukua kano mbili za nyuma ya paja langu mwenyewe, akazikunja pamoja na kuzipitisha kwenye matundu ya mfupa, ziwe ligamenti mpya.

Niliporudi nyumbani, mama aliniwekea mto chini ya goti lipumzike. Alifanya kwa mapenzi, na kweli maumivu yalipungua. Nikalala hivyo siku 10. Siku ya fiziotherapia, nimelala chali, mtaalamu aliingiza vidole viwili chini ya goti vikapita: goti lilikuwa halinyooki. Pengo lile lilinichukua wiki 7 kuliziba, kwa machozi.

Kwa hiyo nakusihi: taulo lililokunjwa liweke chini ya kisigino, goti libaki linaning'inia lishuke kwa uzito wake. Mimi nilikaa dakika 10, mara 4 kwa siku. Halafu kaza msuli wa mbele ya paja kama unayeligandamiza goti kitandani, hesabu hadi 5, achia. Tazama pia ya goti, kile kifupa cha mbele: ikivutwa kidogo kuelekea pajani, msuli umeamka. Isiposogea, usikate tamaa, rudia kesho na keshokutwa. Kukunja kunakuja kwa kuburuta kisigino taratibu kuelekea makalio. Soksi kwenye sakafu ya saruji inateleza vizuri. Lakini kama minisko, gegedu lililo kati ya mifupa ya goti, nayo ilishonwa, masharti ya kukunja na kukanyagia ni mengine, fuata ya daktari wako.

Kuna shangazi atakayekuja na maji ya moto akukande. Mshukuru, na umwombe akuletee barafu. Zile barafu za kuuza mtaani zinatosha: zifunge kwenye khanga, weka dakika 15 hadi 20, bandeji isilowe.

Choo cha kuchuchumaa ndicho kilichonitesa kuliko kidonda. Fundi alikata tundu katikati ya kiti cha plastiki, tukakiweka juu ya shimo, nikapumua. Andaeni hicho kabla ya siku ya upasuaji. Na kwenye ngazi, kupanda tanguliza mguu mzima. Kushuka tanguliza magongo na mguu mgonjwa.

Shavu la mguu likivimba na kuuma, pumzi zikikatika, ukipata homa au kidonda kikitoa usaha, nenda hospitali siku hiyo hiyo. Usisubiri kliniki.

Mwezi wa tatu ndio ninaouogopa kwa niaba yako. Maumivu yameisha, unatembea huchechemei, wenzako wanakuita uwanjani. Ndani, mwili bado unaijenga upya kano ile, na katika kipindi hicho inaweza kuwa dhaifu kuliko siku ilipowekwa. Goti halitakwambia. Michezo ya kuruka na kugeuka ghafla isubiri angalau miezi 9, na hata hapo kalenda peke yake haitoshi: msuli wa paja uwe umefika asilimia 90 ya nguvu za mguu mwingine, na uruke kwa mguu mmoja mbele ya mtaalamu akupime. Mimi nilipima mwezi wa 9 nikakosa. Nilirudi uwanjani mwezi wa 12.

Sasa nafundisha wasichana wa shule yetu, na kila mazoezi tunaanza na kutua: miguu yote miwili, magoti yamekunjwa, yasiingie ndani yakagusana. Mara 20, kabla mpira haujatolewa kwenye wavu.